Pindo la Jezi ya Kwanza

Lorna alikuwa anafumua pindo la jezi yetu kuukuu kwa ncha ya mkasi alipoona rangi ya njano.

Jezi hiyo nyeusi tititi, isiyo na mikono, ndiyo ya kwanza ya klabu. Hutundikwa juu ya mlango wa kutokea uwanjani, na kila mchezaji hugusa pindo lake kabla ya mechi. Vidole vya vizazi vinne vilikuwa vimelichakaza hadi likachanika, ndipo Lorna, fundi wetu wa jezi, akaitwa alishone asubuhi ya fainali.

"Bado tu, mama?" mwenyekiti alimhimiza. "Vifaranga wanatusubiri!"

Vifaranga ni wale wa ng'ambo ya mto, wavaa njano. Tunachukiana nao tangu enzi za babu zetu, na ukiuliza kisa, kila mtu anakupa chake.

Lorna alilikunjua pindo juu ya goti. Sufu ya ndani ilikuwa njano kama kiini cha yai.

"Hii imechovywa rangi nyeusi," alisema. "Ilikuwa yao."

"Acha utani. Aliyeivaa ni babu yangu!"

"Basi babu yako alikuwa kifaranga."

Sisi wachezaji tuliosimama foleni kuligusa tukanyoosha shingo. 

"Sasa aliwakimbia kwa nini?" mmoja wetu akauliza.

Mwenyekiti alimgeukia Lorna. "Shona, mama. Lifunge."

Lorna aliurudisha uzi mweusi koponi, akaanza kutafuta wa njano.