Silinda ya Tatu

Pikapu ilikuwa imeshatoka nusu nje ya geti, kinyumenyume, binti alipokanyaga breki na kuteremsha kioo.

"Baba!"

"Umesahau nini tena?"

"Gari likinigomea pale mlimani, utakuja na kamba?"

Fundi akajifuta mikono, ingawa haikuwa na grisi. "Injini niliyoichonga mimi? Hiyo haikugomei mpaka uote mvi."

Binti akamtazama kama mtu anayengoja neno jingine.

"Haya bwana," akasema. "Chai yangu usiimwage."

Akapandisha kioo, akaenda. Fundi aliusikiliza mlio wa injini mpaka kwenye kona, haukuwa na kasoro hata moja, kisha haukuwepo. Akarudi ndani ya karakana. Aproni ya binti ilining'inia kwenye msumari wake. Kikombe kilikuwa benchini, nusu. Hata kusuuza hakusuuza, fundi akawaza. Ndivyo alivyokuwa na haraka ya kunikimbia.

Ugomvi wenyewe ulikuwa wa kijinga. Mteja alikuja kuchukua bloku ya injini aliyoichonga binti. Binti alikuwa ameshaipima, jioni, na tena alfajiri chuma kikishapoa vizuri, kama alivyofundishwa na baba yake. Fundi akaipima upya mbele ya mteja. Binti akasema basi, atakwenda mji mwingine, akautaja, akafungue karakana yake. Fundi akasema mlango haujafungwa. Ingetosha mmoja wao acheke. Zamani angeanza mama mtu, nao wangefuata. Lakini mama mtu alikuwa ameshatangulia. Alimwachia binti pikapu yenye injini iliyochoka, na aliwaachia wote wawili nyumba isiyo na mtu wa kuanza kusema yaishe.

Wiki nzima walikula meza moja, kila mmoja akingoja mwenzake alimeze neno lake.

"Nichongee injini niondoke," binti akasema mwishowe.

Akamchongea. Mashine ilikula chuma polepole, silinda moja baada ya nyingine, zote nne. Kisha akazisugua kwa mawe na dizeli, mpaka kuta zikapata ile mikwaruzo myembamba ya kupishana inayoshika oili. Ya kwanza, ya pili na ya nne alizifikisha kwenye kipimo cha pistoni zake. Ya tatu akaiacha imebana, pungufu ya unywele. Injini ingewaka. Barabara ya tambarare ingeipita bila kulalamika. Lakini kwenye ule mlima mrefu wa kutokea mjini, chuma kikipata moto na kuvimba, pistoni ingenasa na gari lingezima. Binti angepiga simu. Yeye angekwenda na kamba, angemvuta mpaka nyumbani, angesema, "Haya, tuifungue tuone," na hapo wangekuwa wameinamia bloku moja tena, bila mtu kuomba radhi.

Alilala nao vizuri mpango huo. Alipoamka alfajiri ulikuwa umemgeuka. Alimwona akilini mwanawe ameketi kando ya barabara peke yake, malori yakimpita. Akavaa viatu, akaenda karakana kabla ya chai. Komeo alilikuta limeshatolewa. Akajilaumu kwa kusahau kufunga. Akatafuta kile kijiti cha kupimia, kile kinachotanuka ndani ya silinda na ukikikaza hubaki na kipimo chake. Hakukiona mahali pake. Hakujali, kwa kuwa alichokiacha alikijua mwenyewe. Akachukua mawe, akaisugua ya tatu, akaijaribu kwa pistoni tupu, akasugua tena, mpaka pistoni ikashuka kwa uzito wake yenyewe, taratibu, kama inavyotakiwa. Akaiosha bloku. Akanawa.

Binti akaja wakafunga injini pamoja. Alikuwa akiimba chini chini, mara ya kwanza tangu ugomvi, na wimbo ule ulimchoma fundi kuliko matusi. Walipofika silinda ya tatu, binti akarudi nyuma hatua moja.

"Hii tia wewe," akasema, na akageuka kutafuta kitambaa ambacho kilikuwa begani mwake.

Ndiyo injini iliyoondoka na pikapu.

Jioni ya siku aliyoondoka, dereva wa lori la mchanga akasimama getini bila kuzima gari.

"Mzee, yule binti yako ana nini? Nimemkuta mlimani. Anapanda kwa gia nzito, mguu mpaka chini, akifika juu anageuza, anashuka, anapanda tena! Nikamuuliza, dada, umeangusha kitu? Ananiambia anaisikiliza injini."

"Injini mpya haipandishwi hivyo!" fundi akang'aka. "Nimemfundisha mimi mwenyewe! Na injini ikoje?"

"Inalia kama cherehani."

"Basi," fundi akasema, na akaenda kuimwaga chai.

Binti alifika mji aliokuwa ameutaja. Alifungua karakana, akaolewa, akazaa wawili. Alimpigia baba yake simu, wakaulizana afya. Pikapu aliiendesha miaka mingi, na injini haikufunguliwa tena. Dereva wa lori aliacha mchanga akaanza kufuga kuku. Fundi alichonga bloku za watu mpaka mikono ilipoanza kumtetemeka, akauza mashine, akabaki kufagia.

Siku ya kukabidhi funguo za karakana aliishusha aproni ya binti msumarini. Mfukoni mlikuwa na kijiti cha kupimia, bado kimekazwa. Akakitia kwenye maikromita, akaigeuzia dirishani asome vizuri. Kilikuwa kipimo cha silinda ya tatu kabla hajaisugua upya alfajiri ile, pungufu ya unywele.