Kitambaa cha Mtambo

Kituo cha utafiti kilikuwa kimefungwa, na asubuhi ile mafundi walikuja kuuchukua mtambo wa mwisho. Kipimo cha mionzi mkononi mwa Fundi Gaudensi kilitatarika kama bisi zinazoanza kupasuka.

"Mionzi ni kidogo tu, lakini kitu hiki hakitupwi ovyo," alisema. "Kinatiwa kwenye pipa la chuma, kinamwagiwa zege."

Bi Msiwa, mfanya usafi wa kituo, alikuwa ameufuta mtambo huo vumbi kwa miaka ishirini. Alionyesha msumari ukutani, palipotundikwa kitambaa alichokitenga kwa kazi hiyo peke yake. Hakuna aliyemwamuru. Aliona tu kwamba mtambo ule unastahili heshima, hata alinawa mikono kila alipomaliza.

"Na hicho, mwanangu?"

Gaudensi akakisogeza kipimo kwenye kitambaa, kikatatarika tena. Bi Msiwa akavitazama viganja vyake, vilivyokanda unga wa wajukuu alfajiri ile, kisha akavinyoosha mbele ya fundi.

Kipimo kikanyamaza.

"Uko salama, mama," Gaudensi alisema, akashusha pumzi.

Mtambo uliposhushwa pipani, alikishika kitambaa kwa koleo akakilaza juu yake. Bi Msiwa akaomba taa izimwe mara moja tu, auage mtambo uking'aa kama alivyozoea kuuona.

Chumba hakikuwa na dirisha. Gizani, namba za mtambo, zilizopakwa rangi yenye mionzi, ziling'aa kijani hafifu. Na juu ya kitambaa, kwa rangi ileile, zilionekana alama za vidole vitano vya Bi Msiwa.

Gaudensi alikuwa ameushika mfuniko. Hakulifunika pipa.