Anayecheka Mapema

Afande Ojok hakuwa akitazama filamu. Alikuwa akitazama meno ya watu.

Alikaa kando ya pazia, amewapa mgongo wazungu waliokuwa wakifyatuliana risasi, amevaa miwani myeusi ndani ya ghala lenye giza. Watu wa Bwera, mji wa Uganda mpakani na Kongo, walikuwa wameshamzoea. Kila Jumamosi mchana walimsalimu mlangoni, "Jambo, Afande mpelelezi," naye aliitikia kwa kichwa, kisha akaendelea kuamini kwamba hakuna anayejua kazi yake.

Mwaka huo wa 1969 aliletwa kutoka Kampala kumsaka mtu mmoja: Baluku, mwalimu wa Kiingereza huko Kasese, aliyeandika karatasi ya kuwasema wakubwa. Wenzake wawili walioandika naye walikamatwa na hawakuonekana tena. Picha yake haikupatikana, maana mkewe alizichoma zote. Kilichojulikana ni kwamba alifundisha miaka kumi na miwili, na Kiingereza chake kilikuwa cha mtangazaji wa redio. Mtu kama huyo angekimbilia Kongo. Basi Ojok akajaza askari kwenye mto wa mpakani, akaamuru mtu yeyote asivuke daraja la Mpondwe bila karatasi yenye sahihi yake. Hakumpa mtu karatasi.

Mtego aliubuni mwenyewe, na aliuona una akili nyingi. Ghala lilikuwa la Anselme, mfanyabiashara wa kahawa kutoka Butembo, Kongo, na filamu alizoonyesha zilikuwa za majasusi, zote za Kiingereza. Unazijua: shujaa anaruka kutoka kwenye ndege na nywele hazivurugiki, maadui kumi wanamkosa kwa risasi wakiwa hatua tatu. Ojok aliziamini zote. Kando ya pazia husimama mkalimani, watu husubiri aseme ndipo wacheke. Kwa hiyo, anayecheka kabla ya mkalimani anajua Kiingereza. Na anayejua Kiingereza Bwera, Ojok alijiambia, ndiye Baluku.

Tatizo lilikuwa mkalimani mwenyewe. Aliitwa Sosthène, mkimbizi wa Kongo, shati limefifia, kofia ya sufu imemfika kwenye nyusi. Aligonga kijiti ukutani mara mbili, hata walevi wakanyamaza. Kisha akaharibu kila kitu.

Kwenye pazia mzungu alinong'ona kwamba jenerali lazima afe kabla ya jua kuzama.

"Anasema iko na njala," Sosthène akatangaza. "Anataka mutu amupikie kuku."

Watu wakavunjika mbavu. Jenerali alipokufa wakacheka zaidi, wakidhani amezimia kwa kunyimwa kuku. Walicheka mapema, walicheka baadaye, walicheka kwenye mazishi, na Ojok hakuweza tena kutofautisha meno na meno. Hakuwahi kuona mpumbavu wa kiwango kile. Kwa miezi miwili mtu yule hakupatia hata neno moja, hata kwa bahati.

Kampala wakampa Ojok siku kumi. Asipomleta Baluku, atarudi kambini kulinda lango.

"Wewe. Kuja hapa," alimwita Sosthène filamu ilipokwisha. "Nani alikufundisha Kingereza?"

"Afande, miye nilisoma kwa ba Père ba misioni, Kifaransa tu. Hii Kingereza niko naangalia midomo yabo."

"Midomo?"

"Ndiyo, Afande. Mudomo ikifunguka sana, mutu iko na njala."

Ojok, aliyesoma sekondari miaka miwili na hakuacha mtu asahau, alimtazama kama uchafu uliogandia kiatu. Palepale akakata shauri. Atafasiri mwenyewe, kwa usahihi, na mtego utafanya kazi. Huyu mjinga arudi kwao.

Anselme akajaribu kuingilia. "Afande, batu banamupenda. Bila yeye habatakuya."

"Nyamaza. Huyu anavuka leo."

Akatoa kalamu, akaandika ruhusa kwa Kiingereza, ukurasa mzima, maana alipenda maneno marefu. Akaupiga muhuri mara mbili.

Sosthène aliipokea akaishika juu chini. "Imeandikwa nini, Afande?"

Ojok akaigeuza, akamsomea taratibu, kwa sauti, ili Anselme naye afaidike. Mkalimani alisikiliza hadi mwisho, kichwa ameinamisha.

"Kingereza ya Afande iko ya ajabu," alisema.

Ojok hakuona sababu ya kubisha.

Jumamosi iliyofuata alisimama mwenyewe kando ya pazia na kufasiri kila neno sawasawa: jenerali, sumu, ubalozi, hati za siri. Hakuna aliyecheka mapema. Hakuna aliyecheka kabisa. Watu walianza kutoka mmoja mmoja, na Anselme alikaa mlangoni akiwatazama wanavyokwenda zao. Ojok aliwadharau wote kwa moyo wake wote, akaendelea kufasiria viti.

Katikati ya filamu akaingia askari wa zamu darajani. Kanuni ilikuwa kwamba anayevuka aache karatasi yake kizuizini, na karatasi zote zirudi kwa Afande mwisho wa wiki. Wiki hiyo karatasi ilikuwa moja tu.

"Ya ule Mukongomani, Afande," askari alisema. "Alikaa kwa meza yetu, akaandika juu yake kwa muda mrefu. Sisi hatujui kusoma. Tulifikiri ni sahihi."

Ojok aliipeleka kwenye mwanga wa projekta. Ilibidi avue miwani. Ukurasa wake ulikuwa umejaa wino mwekundu kuanzia mstari wa kwanza, na chini ya muhuri, kwa mwandiko mzuri wa ubaoni, palikuwa pameandikwa:

*3/10. Nione.*