Ukuta wa Chumba cha Juu

Mkono wa mshonaji uliingia ndani ya ufa wa ukuta hadi kifundoni, ukatoka na vumbi jekundu.

"Usiuchimbe, shemeji," alisema fundi rangi, mume wa dada yake. "Tumekuja kuuziba."

"Napima tu."

"Umeshapima. Nipishe, Mwenyekiti, kabla mkaguzi hajatukuta na mwiko mkononi kama wezi wa saruji."

Kitandani, Mama aliwacheka wote wawili. "Zibeni vizuri. Upepo ukipita hapo unanipiga mgongoni kama ninadaiwa."

Jengo lilikuwa la ghorofa tatu, kongwe kuliko mtu yeyote mtaani, lenye roshani za mbao zilizochongwa kwa mkono. Mama alizaa watoto wake wote katika chumba hicho cha juu. Kampuni moja ilitaka kiwanja ijenge maduka ya vioo, na kwa miezi mingi wapangaji walikuwa wakikaa chini mbele ya matingatinga, wakiongozwa na mshonaji, mwenyekiti wao. Fundi rangi aling'olewa jino siku askari walipokuja. Hakuna aliyehama.

Lakini majengo mawili ya jirani yalikuwa yamekwisha kubomolewa, na yote kwa njia moja. Mkaguzi alikuja, akaona ufa, akaandika kwamba jengo ni hatari. Kesho yake tingatinga likafuata. Kwa hiyo iliposikika kwamba sasa anakuja mkaguzi mwingine, wa ofisi ya mambo ya kale, hakuna aliyeuliza anakuja kufanya nini. Mkaguzi ni mkaguzi.

Fundi rangi alisawazisha saruji, akapaka rangi, kisha akaisugua kwa masizi na chai ili isionekane mpya. Akarudi nyuma kuitazama.

"Imetoka safi," alinong'ona, "ila nakwambia ukweli, shemeji. Tumempaka mgonjwa poda."

"Najua. Kwanza tushinde. Tukishinda tutautibu." Mshonaji akamgeukia mama yake. "Mama, si ushuke ulale kwangu kwanza?"

"Nikishuka watasema jengo halina watu. Mimi nipo. Wewe nenda kapange watu wako."

Mkaguzi alifika peke yake, kijana mwembamba mwenye viatu vya matope. Roshani hakuzitazama. Alipanda moja kwa moja hadi juu, akigonga kuta kwa vidole na kutega sikio.

"Mlango huu unafunga vizuri, bibi?"

"Unafunga, mwanangu." Asubuhi hiyo fundi rangi alikuwa ameupiga randa, maana ulikuwa ukikwama.

"Usiku husikii mlio wowote?"

"Nasikia jirani anavyokoroma."

Wapangaji waliojazana kwenye korido waliangua kicheko. Mkaguzi hakucheka. Alipapasa ukuta wa kitandani kwa kiganja, taratibu, kama mtu anayempima mtoto homa.

"Nani analala hapa?"

"Mimi, na sihami."

Akamgeukia mshonaji. "Dada, una hakika hakuna ufa popote? Hata mdogo? Fikiria vizuri."

"Unautaka sana huo ufa."

"Ninauliza tu."

"Basi nenda kautafute kwenu. Hapa hupati."

Korido ikalipuka kwa makofi. Mkaguzi aliupapasa ukuta mara nyingine, akamtazama bibi kitandani. Mwishowe aliandika kwamba ukuta ni mzima, akashuka ngazi polepole. Nyuma yake vigelegele vilitikisa madirisha. Mshonaji alibebwa juu juu hadi barabarani, akilia na kucheka. Kwa mara ya kwanza aliamini kwamba watu wadogo wakishikana wanaweza kuushinda mji mzima.

Mvua zilianza wiki ileile. Ukuta wa chumba cha juu ulishuka alfajiri, wote kwa pamoja, na Mama akiwa kitandani.

Baada ya maziko mkaguzi alikuja. Mshonaji alikuwa ameketi juu ya kifusi, khanga ikimdondoka begani. Vijana wa mtaa walimzunguka yule mgeni wakitaka kumpiga.

"Umekuja kuandika nini tena?" mmoja wao alifoka.

"Mwacheni," alisema mshonaji. Alikuwa amekusudia kumwambia kila kitu, saruji, masizi na chai, mbele ya watu wote.

Lakini mkaguzi alimwahi. Alichuchumaa mbele yake, macho mekundu.

"Nisamehe, dada. Nilipewa vyuma vya kuegemeza jengo moja tu lisianguke, lile litakalokutwa bovu kuliko yote, na nilipanda ngazi zenu nikiomba liwe hili. Tulikatazwa kuwaambia, wakubwa waliogopa kila mtaa ungejichimbia nyufa."