Uwazi Chini ya Mkono

Siku hizi mtu akikupigia simu, picha yake haiji na mahali alipo. Mashine hukata kila kilicho nyuma yake, akabaki peke yake, ukampachika unapotaka. Bi Mwanaidi humweka mwanawe Shaame, aliye ng'ambo, ukutani, juu ya kochi, na kila Ijumaa majirani hujaa kumwangalia.

"Mtoto kanawiri!" alisema Mama Hidaya. "Na hilo jumba lako huko, lina vyumba vingapi?"

"Vitano, mama," alijibu Shaame, kashika kiuno, anacheka.

Bi Mwanaidi ndiye aliyeona kwanza. Mashine ilisahau kukata pale kati ya mkono na ubavu. Katika uwazi ule mdogo vilionekana vitanda vya chuma vimepandana hadi darini, na nyayo za watu waliolala, nyingi.

Mama Hidaya alikuwa bado anapapasa miwani yake, na wenzake wameinamia sinia la kahawa.

"Shusha mkono, baba," alisema Bi Mwanaidi. "Utachoka."

Shaame akamtazama mama yake. Kicheko kikamtoka usoni. Akaushusha mkono taratibu, uwazi ukazibika.

"Haya, na bustani je?" aliuliza Mama Hidaya, miwani puani.

"Ipo, tena ina mipera," alidakia Bi Mwanaidi, na mwanawe, pale ukutani, akaubana mkono ubavuni.