Kobe wa Mama

“Lala,” mama alisema, na Bwana Kesho akapanda nyuma ya pikapu, akajinyoosha chali juu ya mbao tupu. Mama akapitisha futi kamba kutoka kisiginoni hadi utosini, akaongeza upana wa kiganja, akachora mstari kwa penseli.

“Lakini wewe unanifika kifuani,” mwanawe akamkumbusha. “Kitanda chote hiki cha nini?”

“Mtu akichoka anataka kujinyoosha,” mama akajibu, akachomeka penseli nyuma ya sikio.

Lilikuwa pikapu kuukuu lenye kijumba cha bati mgongoni, cha kulala wasafiri. Mama alilikuta linaozea nyuma ya gereji, kuku wametaga kwenye kiti cha dereva, akalivuta mpaka uani kwake. Akaliita Kobe kwa kuwa linatembea na nyumba yake. Hakuna aliyeshangaa. Karibu maisha yake yote ya kazi aliendesha lori la saruji, na tangu astaafu hakutulia. Alifagia palipokwisha kufagiliwa. Alisimama getini kusikiliza malori yakibadili gia kule barabara kuu. Majirani walisema nyayo zinamwasha, siku yoyote ataondoka.

Bwana Kesho yeye nyayo hazikumwasha hata kidogo. Alikuwa fundi wa friji, fundi hasa, ila alingoja wateja wamfuate sebuleni kwa mama yake, na wateja hawakumfuata. Kutafuta chumba cha duka, kesho. Kuzunguka miji midogo ambako mafriji yanakufa kwa kukosa fundi, kesho. Ndipo jina likamganda, na aliyempa ni mama mwenyewe. Yeye na mkewe walihamia pale kwa muda tu, baada ya harusi. Muda huo uliishia wapi, hakuna aliyekumbuka tena.

Kobe akambadilisha. Alianza kuamka bila kuitwa. Alikwangua kutu, akapiga msasa, akang’oa sakafu iliyooza na kupigilia plaiwudi mpya. Aliziba paa kwa silikoni, kisha akapanda juu na ndoo kulimwagia maji, mkewe akiwa ndani kutazama kama panavuja. Mama alimsifu mbele ya watu, na sifa zile zilimchoma, maana alijua kinachomsukuma. Kobe akiondoka, chumba cha mama chenye madirisha mawili kitabaki wazi. Kichwani alikwisha kukigawa: kitanda huku, meza ya kazi kule. Kila alipopita mlangoni mwendo ulipungua, jicho likapima ukuta. Halafu alijiona kama mwizi, akaharakisha.

Tatizo ni kwamba kila walipokaribia kumaliza, mama alizua jipya. Paneli ya sola juu ya paa. Betri ya pili. Springi za ziada nyuma, ili gari lisilalie mzigo. Akaja na meza ya mbao nene, imefungwa jiliwa la kubania vyuma.

“Utabana nini na hilo, Mama?”

“Njiani hujui kitakachoharibika.”

Jiko dogo la gesi, la sufuria moja, akalikataa. Akataka la sufuria mbili. Mkewe Bwana Kesho akamuunga mkono mama mkwe wake, jambo la kuandika ukutani, kwa sababu jikoni wawili hao walikuwa hawajawahi kukubaliana hata juu ya chumvi. Tena mkewe akachagua kitambaa cha mapazia, akayashona, akayafua ingawa yalikuwa mapya. Alipoulizwa mbona anajisumbua hivyo, alisema msafiri naye anastahili pazuri pa kulala, akaendelea kupiga pasi.

Siku za mwisho Bwana Kesho aliogopa mama ataghairi. Akamuuliza, kwa upole kadiri alivyoweza, kama safari bado ipo.

Mama alikuwa anapaka grisi bawaba za mlango. “Una haraka?”

“Hapana. Nauliza tu.”

“Rangi ikikauka, Kobe anaondoka. Hapo sina mzaha.”

Rangi ikakauka. Asubuhi hiyo Bwana Kesho aliamshwa na mngurumo, akatoka shati halijafungwa vifungo. Mama alikuwa ameinama juu ya injini, kichwa upande, anaisikiliza kama mtu anayesikiliza kifua cha mtoto mwenye kikohozi. Akaridhika. Akafunga boneti, akazima, akachomoa ufunguo. Mkewe Bwana Kesho alikwisha kukaa kiti cha abiria, amejifunga mkanda, macho mbele. Mumewe akadhani anamsindikiza mama mkwe hadi kituo cha mafuta.

Asubuhi hii aliingoja kwa hamu mbaya, na sasa aliona jinsi mama yake alivyo mdogo akisimama karibu na gurudumu.

“Mama,” alisema, “kama tulikusonga humu ndani, utusamehe. Nenda salama. Nyumba usiwe na wasiwasi nayo.”

Mama akamvuta, akamkumbatia kwa muda mrefu, mikono inanuka grisi. Akamwambia kwamba kazi aliyoifanya si ya kitoto, kwamba hajapata kujivunia mtu kama anavyojivunia yeye leo. Machozi yalikuwa yanamlengalenga. Kisha akamtia ufunguo wa gari kiganjani, akamkunja vidole kimoja kimoja, na kunyoosha mkono wake mwenyewe, mtupu.

“Haya, baba,” akasema. “Sasa nipe wa nyumba.”