Viatu vya Mjomba

Jeneza lilikataa kupanda gari.

Vijana sita walilifikisha mlangoni mwa gari la maiti, na kila walipotaka kulisukuma ndani liliwarudisha nyuma, wakayumba nalo kama walevi. Uwanja wa baa, ambako Makiese alizoea kufanya mazoezi na bendi yake, ulinyamaza wote.

"Hataki," alisema Gode, aliyeshika mbele. "Makiese haendi makaburini kabla hajatuonyesha aliyemla."

Hapo watu wazima wakaanza kutafuta njia za kutokea. Kinshasa nzima inaijua desturi hii. Mzee akifa, wazee wenzake humzika. Kijana akifa, vijana humnyang'anya mikononi mwa ukoo, na maiti mwenyewe huwaongoza mpaka kwenye nyumba ya mchawi wake. Na Makiese hakuwa kijana hivi hivi. Sauti yake ilikuwa ikilia katika kila redio ya mji, umri wake miaka ishirini na sita, na homa ya siku chache ikamzima. Nani angekubali kwamba ni homa?

Majina yaliyotajwa yalikuwa mawili. Wapo waliosema ni mjomba wake, Papa Mavungu, fundi cherehani, maana kwa watu wa kabila lao mtoto ni wa mjomba. Lakini wengi zaidi walimtaja mama mzazi, Luzolo, mjane ambaye mwanawe alimjengea ghorofa.

"Ghorofa yote ile ya mwanamke mmoja?" walinong'ona. "Kikulacho ki nguoni mwako."

Kaka na dada hao walikaa wakitazamana, barabara katikati yao, pale kwenye kona ya bomba la maji mtaani Bumbu. Ukifika bombani, kushoto ni kwa Luzolo, kulia ni kwa Mavungu.

Asubuhi ile Mama Vero, muuza chikwanga, ile mikate ya muhogo, alikuwa amemwona Mavungu akimvuta Gode kando ya ukuta. Mkononi alishika viatu vya ngozi ya mamba, zawadi ya Makiese, ambavyo hakuwahi kuvivaa ila kwa kwenda kanisani.

"Nyumba yangu unaijua?" aliuliza Mavungu.

"Lango la buluu. Nani asiyeijua, Papa?"

"Basi pale bombani usinifanyie makosa."

Gode alivipokea viatu kwa mikono miwili, macho chini.

Mama Vero aliona uchungu. Mwaka uliopita jeneza lilimfikia mzee wa mtaa wa pili, na vijana wakamchomea nyumba naye akiwa ndani. Mtu hujiokoa kwa alicho nacho, hilo alilielewa. Lakini jeneza lisipokwenda kulia litakwenda kushoto, na kushoto yuko dada mtu, amelala mkekani hana hata nguvu za kulia.

Sasa msafara ulikuwa njiani. Vijana walivunja matawi ya miti, wakaimba nyimbo za matusi, na maduka yakafungwa mbele yao. Gode alichechemea, kwa kuwa viatu vilimbana.

"Gode, hivyo viatu umevishwa na maiti?" mtu alimtania. 

Mavungu alikuwa amesimama langoni kwake peke yake. Mkewe alikuwa amekwisha kumpakia kwenye gari la kwenda Mbanza-Ngungu, mbali na mji, tangu alfajiri. Lango lilikuwa wazi kabisa.

"Funga basi, Papa Mavungu," alisema Mama Vero akipita. "Au siku hizi wewe huna wasiwasi?"

"Nenda ukakae na dada yangu. Usimwache atoke nje."

"Leo ndiyo umemkumbuka?"

 Mama Vero akatema mate chini, akavuka barabara na kujifungia ndani na Luzolo.

Nyimbo zikafika bombani, zikakoma. Jeneza lilisimama. Likazunguka mara moja, likarudi nyuma, kisha likaenda kushoto.

"Mama!" umati ulipiga ukelele. "Ni mama!"

Mavungu alishika nguzo ya lango asianguke. Jasho lilimtiririka mpaka shingoni, na wote waliomwangalia walidhani ni aibu. Jeneza liliukaribia mlango wa ghorofa. Mtu mmoja alikuwa tayari na dumu la petroli. Gode akajikwaa, akapiga goti, akainuka akipumua kama aliyekimbizwa. Ghafla jeneza likageuka lote, likavuka barabara mbio na kuligonga lango la buluu mpaka bawaba ikang'oka.

Umati ukaguna. Kisha ukacheka, kicheko kibaya.

"Masikini," alisema Mama Vero dirishani, hasira yote imemtoka. "Wamekula viatu vyake, na bado wamemgeuka."

Mavungu aliogopa, lakini hakuondoka langoni. Vijana walikuwa wakiokota mawe, na dumu la petroli lilikuwa likivuka barabara. Gode, jeneza begani, alisimama mbele yake, machozi yakimdondoka juu ya viatu vya mamba.

"Nisamehe, Papa," alinong'ona. "Wale wa nyuma walinizidi nguvu, wakanivutia kwa mama."

Mavungu alitazama ng'ambo, akaona mlango wa dada yake bado umefungwa.

"Umefika nilipokutuma, mwanangu," alisema. "Sasa nitukane kwa sauti, wasije wakaikumbuka nyumba ile."